Majibu ya Yunis Kwenye Kaseti

Walimu wenzangu vijana, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofundisha Kiingereza kabla ya hizo simu zenu. Nilicheka, nikasema nitaandika nikipata nafasi. Nafasi ndiyo hii. Nimekaa kibarazani kwangu Mikumi, malori yanapita kutwa nzima, na sina daftari hata moja la kusahihisha. Sitawaeleza nilipanda daraja lini wala nilikuwa nalipwa nini, maana mtalia bure. Nitaeleza kazi yenyewe, na zaidi habari ya kaseti, kwa sababu mmoja wenu aliniuliza kama ni kweli na mimi nikajifanya kutafuta miwani.

Mimi ni mtoto wa Mabwerebwere, mtoto wa mjini kwa maana ya Kilosa, yaani nyumba ya bati na duka la jirani. Nilipopangiwa sekondari ya kata kwenye kijiji kimoja huko juu ya Kisanga, ambacho sitakitaja, niliona nimetupwa. Siku ya kwanza niliingia Kidato cha Kwanza na sketi yangu ya kupigwa pasi, nikasema, "Good morning, class." Wakasimama, wakajibu kwa ule wimbo mnaoujua. Nikawaambia, "Kaeni." Darasa zima likasema, "Kaeni." Nikakohoa. Jamani, wakakohoa! Mwalimu aliyenitangulia alikuwa amewazoesha kurudia kila kinachotoka mdomoni mwa mwalimu wa Kiingereza, na wao hawakuthubutu kuchagua kipi cha kurudia na kipi cha kuacha. Walikuwa wamenikodolea macho bila kupepesa, wanangoja nitoe sauti nyingine. Nilitoka nje kupunga upepo. Nikiwa mlangoni nikaguna, na huko nyuma mtu akaguna vilevile.

Aliyenifunza kazi ni Mwalimu Lameck, mkuu wa idara ya Kiingereza. Idara yenyewe ilikuwa yeye, na nilipofika ikawa yeye na mimi. Alikuwa mzee wa Kianglikana aliyesomeshwa na misheni, shati vifungo mpaka shingoni hata jua likiwaka namna gani. Alikuwa na sheria moja tu na aliirudia mpaka inachosha: usimfundishe mtoto neno ambalo hatalitumia kabla jua halijazama. Vitabu vilikuwa na watoto wanaokwenda kutazama theluji na kupanda treni za chini ya ardhi. Lameck alizipita kurasa hizo bila hata kuzitazama. "Mtoto aseme anachokiona," aliniambia. "Aseme anaishi na nani, yuko wapi, anafanya nini. Na aseme kweli. Akizoea kusema uongo kwa Kiingereza, hatajua tena Kiingereza ni cha nini."

Mtacheka, lakini hilo la kusema kweli ndilo gumu kuliko yote. Mtoto ana homa mpaka meno yanagongana, ukimuuliza "How are you?" atakujibu "I am fine, thank you, madam," kisha anaanguka. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Lameck alipostaafu alinirithisha redio kaseti ya idara. Nyie mna spika za kuunganisha na simu. Sisi tulikuwa na redio yenye ukubwa wa begi, betri sita nene ambazo zikichoka tunazianika juani juu ya bati ili zipate nguvu ya kipindi kimoja zaidi, na penseli ya kurudishia mkanda unapochomoka. Kaseti ya mazungumzo ilikuwa moja. Ndani yake kulikuwa na mwanaume, sijui alikuwa nani wala wa nchi gani, mwenye sauti ya upole kama ya daktari anayejua majibu yako ni mabaya. Alikuwa anauliza swali, halafu kimya cha kumpa mwanafunzi muda wa kujibu, halafu swali jingine. What is your name? Kimya. Who do you live with? Kimya. Where are you now? Kimya. What are you doing? Kimya. Ukiisikiliza peke yako ofisini mchana wa joto, unaanza kuhisi anakungoja wewe.

Mimi nikabuni mtindo. Kila mwisho wa mwaka nilichagua mwanafunzi mwenye matamshi safi, ajaze kile kimya kwa majibu yake, ili wa mwaka unaofuata wamsikie mtoto wa kijijini kwao akiongea Kiingereza. Ukifika kwenye kimya unabonyeza kitufe chekundu, unajibu, unaachia. Sauti ya mwaka jana inafutika, inakaa ya mwaka huu. Tulikuwa tunarekodi kwenye stoo ya shule, katikati ya majembe na magunia ya mahindi ya uji, kwa sababu haina dirisha na kelele za uwanjani hazifiki. Mwanafunzi aliingia na redio peke yake. Mimi nilifunga kwa nje, kwa kuwa mlango ule usipofungwa komeo ulikuwa unajifungua wenyewe na kulia.

Mwaka ninaousema nilimchagua Yunis. Baba yake alishafariki. Mama yake, Salome, alikuwa Mikumi akipikia madereva wa malori chakula, kwa hiyo mtoto alilelewa na bibi, mama mzaa baba. Bibi huyo alikuwa mkimya, mkulima hodari, na ghala lake la mahindi halikuwahi kuisha hata mwaka wa njaa. Kijijini, kikongwe mwenye ghala lisiloisha anasalimiwa kwa heshima na kusengenywa kwa bidii. Yunis alikuwa na sauti nyembamba, kila neno linakaa peke yake, limeoshwa. Alijibu kweli, kama nilivyowafundisha. Nitaiandika hapa kama ilivyokuwa, na nyie mnajua Kiingereza kwa hiyo sitawatafsiria: "My name is Yunis. I live with my grandmother. I am in a small room. It is dark. I am waiting for my teacher to open the door."

Nilipofungua mlango alikuwa anatetemeka. Nikamuuliza hali. "I am fine, thank you, madam." Nikamshika paji la uso, moto! Nikamrudisha mimi mwenyewe kwa bibi yake. Likizo ikaanza, mvua ikaanza, barabara ikakatika. Homa ikapanda kichwani, na kabla ya wiki kwisha Yunis akazikwa. Salome alipopata habari na kufika, miguu ikiwa na tope mpaka magotini, alikuta kaburi limeshaota majani machanga. Hakumuona mwanawe. Hilo mliweke akilini, hakumuona.

Muhula ulipofunguliwa sikujua la kufanya na kaseti. Nikampelekea Mwalimu Lameck nyumbani kwake. Akaisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. "Anatamka vizuri kuliko wewe," akasema. "Mwache afundishe." Basi nikaiacha. Kidato cha Kwanza kipya hawakumjua vizuri. Nilibonyeza, mwanaume akauliza, Yunis akajibu, na darasa zima, kwa ile tabia yao ambayo sikuwahi kuimaliza, likarudia: "My name is Yunis. I live with my grandmother." Watoto darasa zima, wasichana kwa wavulana, wote ni Yunis. Nusura niizime. Lakini matamshi, haki ya Mungu, hayakuwahi kuwa mazuri vile.

Madirisha ya madarasa yetu hayakuwa na vioo. Siku hiyo, au labda ya pili yake, nilihisi chumba kimeingiwa na kivuli. Salome alikuwa amesimama dirishani, ana ndoo kichwani, maji yanachuruzika usoni mwake na hayafuti. Watoto wakanyamaza. Redio ikaendelea.

"Huyo ni mwanangu," akasema.

"Mama Yunis, ni kaseti. Alirekodi mwaka jana, kabla ya likizo."

"Mrudishe tena."

Nikamrudisha. Ningefanyaje? Alitua ndoo, akasikiliza akiwa ameegemeza shavu kwenye ukingo wa dirisha. Ilipofika mwisho akauliza, "Anasema nini?" Nikamweleza neno kwa neno, na nikamweleza na stoo, na komeo, na kwamba mlango niliufungua mimi. Aliitikia kwa kichwa. Tangu hapo hakurudi Mikumi. Alihamia kwa mama mkwe wake, na kila kipindi cha redio alikuwa dirishani. Midomo yake ikaanza kucheza pamoja na ya watoto. Mwanamke aliyeishia darasa la nne akawa anayajibu maswali yale yote kwa sauti ileile, nyembamba, kila neno peke yake. Nikiwa nimewapa darasa mgongo naandika ubaoni, nilikuwa siwezi kujua ni yupi amejibu. Siku moja aliniuliza taratibu, "Mwalimu, hapo anaposubiri, ni nani hajamfungulia?"

Nikamrudia yaleyale ya stoo na komeo.

Kumbe alikuwa amekwenda kuuliza kwingine. Shemeji yake, Elia, mdogo wa marehemu mumewe kwa mama mwingine, alikuwa amerudi kutoka Dar ambako aliwahi kufanya kazi kwa wageni. Salome alikuja naye dirishani, Elia akasikiliza, akamtafsiria. Tafsiri yake ilikuwa sahihi, ningempa alama zote. Anaishi na bibi yake. Yuko kwenye chumba kidogo. Kuna giza. Anasubiri afunguliwe. Kijiji kikaunganisha yaliyobaki. Mtoto hakufa, amefanywa msukule, kilichozikwa ni mgomba uliovishwa sanda. Analimishwa usiku na kufichwa mchana, ndiyo maana ghala haliishi, na mwenyewe amepata upenyo wa kusema kwenye redio ya shule. Wanafunzi wangu wenyewe walinieleza hayo kwa adabu, wakishangaa mwalimu mzima sijui.

Wanakijiji wakaenda kulifungua ghala la bibi. Walimwaga mahindi yote uani wakimtafuta Yunis, na walipomkosa, kumkosa kwenyewe kukawa ushahidi kwamba amehamishwa. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha kikao mchana uleule, akaniletea mtu: mwalimu aje, na redio.

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja na benchi mbili. Bibi alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, vumbi la mahindi kwenye nywele.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Na wewe umekuja kunitazama?"

Nikaweka redio mezani. Nje, mbele ya mlango, vijana walikuwa wamesimama na dumu na kiberiti, na sikuhitaji kuuliza lina nini. Mwenyekiti alikuwa anayatazama yale yale niliyoyatazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshikwa pabaya, na polisi wa karibu walikuwa mbali, na mto umejaa.

"Mwalimu," akasema, "redio yako imetuletea kesi. Tueleze."

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, nadhani sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile. Elia akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Naomba kuuliza, mwalimu. Mimi nilitafsiri uongo?"

"Hapana."

"Anasema anaishi na nani?"

"Na bibi yake."

"Yuko wapi?"

"Chumba kidogo. Gizani. Lakini Elia, ni maneno ya mwaka jana!"

"Sauti ina mwaka?" Akawageukia watu. "Basi! Mwalimu wa serikali amesema kwa mdomo wake."

Watu wakavuma. Mwenyekiti akapiga meza. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. "Mwalimu, kama ni mkanda tu, mtu mwingine anaweza kukaa hapohapo alipokaa yeye?"

"Anaweza. Kila mwaka naweka mwingine."

"Mweke sasa hivi. Sauti ya mtoto ikiondoka, tumejua ni mashine, na bibi huyu anakwenda nyumbani kwake kwa amani, asiguswe. Isipoondoka..." Alitazama mlangoni.

"Kama yumo hai, hatakubali kuondolewa," alisema Elia, na kila mtu akaona hiyo ni haki.

Nikasema nitajibu mimi. Wakakataa, mimi mwenye redio ningeweza kuichezea. Hapo Salome, aliyekuwa amesimama pembeni muda wote, akasema, "Nitajibu mimi."

Nilimvuta pembeni ya dirisha. "Salome, nisikilize. Ukijibu wewe, yeye anafutika."

"Kabisa?"

"Kabisa. Sina nakala. Hakuna pengine popote alipo."

"Na nisipojibu?"

Nikamwonyesha dumu kwa macho. Alimtazama mama mkwe wake pale chini, akatazama mlango, akakaza kanga kiunoni na kurudi mezani. Bibi akamwambia kitu kwa Kisagara, maneno machache, na mimi wa mjini sikuyaelewa. Salome akatikisa kichwa kukataa.

Betri zilikuwa zimechoka. Yule mwanaume wa kwenye kaseti alitoka na sauti nzito, ya kuburuta, kama mtu anayeongea akiwa chini ya maji, na watu waliokuwa karibu na meza wakasogea nyuma. What is your name? Nikabonyeza kitufe chekundu.

"My name is Salome."

Who do you live with?

Mkanda ulikuwa unazunguka, naona nafasi inakwisha, nusura niseme mwenyewe. Alikuwa anamtazama bibi.

"I live with my mother."

Where are you now?

"I am here."

What are you doing? aliuliza yule mtu kwa sauti yake ya chini ya maji. Salome hakuwa na Kiingereza kingine zaidi ya kile alichofundishwa na mwanawe na darasa langu pale dirishani. Akakitumia hichohicho.

"I open the door," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Mimi mwalimu wa Kiingereza sikusahihisha kitu.

Nikarudisha mkanda mwanzo. Nikabonyeza. Chumba chote kiliinamia meza, hata vijana wa nje waliingiza vichwa. My name is Salome, ilisema redio, na watu wakashusha pumzi. Halafu nikasikia.

Kulikuwa na kitu chini yake. Fundi mmoja wa redio wa Kilosa aliniambia baadaye kwamba hedi ya kufutia, kile kichuma kinachogusa mkanda, ikishika uchafu inafuta nusunusu, sauti ya zamani inabaki huko chini imefifia, na betri zikiwa hoi ndiyo kabisa. Namwamini, ni fundi mzuri. Lakini sauti iliyobaki, kwa akili yangu, ingesikika palepale ilipokuwa. Hii ilikuwa inangoja Salome amalize. I live with my mother, alisema Salome, na alipokwisha, nyembamba, mbali, limeoshwa, likaja neno moja la mwisho, mother, jinsi mtoto anavyorudia baada ya mwalimu.

Nilimtazama Salome. Alikuwa ameshasikia. Mama wa mtu angekosaje kusikia? Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote, na nikajua akisema neno moja tu, akiita jina tu, kikongwe yule hatatoka humo.

Elia aliweka sikio karibu na spika. "Subirini," akasema. "Rudisha hapo. Kuna mwingine humo chini."

Watu wote wakamgeukia Salome. Mama ndiye anayejua. Aliweka kiganja chake juu ya redio, pale sauti inapotokea, akakikandamiza kuiziba.

"Hamna mtu, shemeji," akasema. "Ni mimi. Ni mimi peke yangu."

Akaizima yeye mwenyewe. Akainama, akamshika mama mkwe wake chini ya kwapa, akamwinua, akampangusa vumbi la mahindi kichwani, na vijana wa mlangoni wakawapisha.